Kufunga klachi ya nguvu kwenye Subaru Impreza WRX STI: kuchagua, kushusha giaboksi, kuzoesha

Mwenye Subaru akilalamika kwamba gari limepungua nguvu, mwulize kwanza mshale wa RPM unafanya nini. Kama unapanda vizuri na gari ndilo linalobaki nyuma, injini haina kosa. Klachi inateleza.

Hakikisha kabla hujatoa hela. Tafuta barabara iliyonyooka na isiyo na watu, injini ikiwa imepata moto. Ingiza gia ya 4, tembea taratibu kwenye RPM kama 2,500, kisha kanyaga mafuta mpaka chini. Karibu na 3,500 hadi 4,000 ndipo tabo inapoleta toki (nguvu ya kuzungusha) yake kubwa, na klachi iliyochoka hujisema hapo hapo: mshale unaruka ghafla, spidi imeganda, na baada ya sekunde chache unasikia harufu kama ya breki zilizoungua. Jaribu mara moja, mbili zikizidi. Jaribio lenyewe linaila klachi.

Kuteleza si lazima kuwe kwa sababu pleti, ile sahani ya klachi inayokamata, imeisha. Oili ikivuja nyuma ya injini inalowesha pleti, na pleti iliyolowa itateleza hata kama ni mpya. Pia pedeli isiyo na mchezo hata kidogo pale juu huifanya klachi ibaki imekanyagwa nusu wakati wote. Kagua hivi viwili kwanza, vinginevyo utafunga klachi ya bei mbaya na baada ya mwezi uwe pale pale.

Ninazungumzia hapa STI ya giaboksi ya gia 6, zile zenye kodi ya modeli GDB zilizoanza kutoka Japani mwishoni mwa mwaka 2000, kwa kuwa hizo ndizo nimezilalia chini mara nyingi. Mwenye WRX ya gia 5 atafuata karibu yote. Pale zinapoachana nitasema.

Chagua klachi kwa toki, si kwa sifa

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, na kosa lenyewe halitoki gereji. Linatoka dukani, au kwenye simu usiku wakati mtu anaangalia picha za pleti zenye rangi ya dhahabu.

Klachi hubeba toki, si farasi. Farasi ni wa kujisifia kwenye kahawa. EJ207, injini ya STI hizi, ya mwaka 2000 ilitangazwa na farasi 280 kama magari mengi ya michezo ya Japani ya wakati ule, maana watengenezaji walikuwa wamekubaliana wasitangaze zaidi ya hapo, lakini toki yake ilikuwa niutonimita 373. Matoleo ya baadaye yalivuka 400. Ukibadilisha ekzosi, ukaongeza busti (presha ya hewa ya tabo) na kuprogramu upya kompyuta ya injini, namba inayokuhusu ni hiyo ya toki.

Hesabu ya klachi ni fupi kuliko watu wanavyodhani. Chukua 2, kwa sababu pleti ina nyuso mbili. Zidisha kwa msuguano wa kitambaa chake, kisha kwa nguvu ambayo presha (kifuniko cha klachi kinachoikandamiza pleti) inabana, kisha kwa umbali kutoka katikati ya pleti hadi pale inapokamata. STI ya gia 6 ina pleti ya milimita 240, ambayo hukamata kwa wastani wa sentimita 10 hivi kutoka katikati. Tuseme, kwa mfano tu, msuguano ni 0.3 na presha inabana kwa niutoni 8,000. Unapata 2 × 0.3 × 8,000 × 0.1, yaani niutonimita 480. Presha ikibana kwa asilimia 20 zaidi, pleti ikiwa ile ile, unafika 576. Kumbuka kwamba kitambaa cha kawaida kikipata moto sana msuguano hushuka, kwa hiyo 480 ya asubuhi si 480 ya baada ya kupanda mlima Kitonga nyuma ya malori.

Kipenyo huwezi kukiongeza, nafasi haipo. Zinabaki njia tatu. Ya kwanza ni kubana zaidi: presha ngumu, pleti ya kawaida yenye springi. Pedeli inakuwa nzito kidogo, mengine yote yanabaki ya kistaarabu. Ya pili ni kubadilisha kitambaa, uweke kevlar au vipande vya seramiki au vya shaba. Hivi vinakamata sana na kuvumilia moto, ila vinakamata kwa ghafla. Ya tatu ni kuongeza nyuso, yaani pleti mbili. Hiyo ndiyo nzuri kuliko zote na bei yake inaeleza kwa nini huioni kwenye kila gari.

Yale maneno ya steji 1, steji 2, steji 3 yasikubabaishe. Hakuna kipimo cha pamoja nyuma yake. Steji 2 ya mtengenezaji huyu inaweza kuwa steji 1 ya yule. Uliza toki inayobebwa ni ngapi, na imepimwa kwenye flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini ambalo pleti hulikamata) au kwenye matairi. Kama wameandika kwa kilogramu-mita, zidisha kwa 9.81. Kama ni kwa paundi-futi, zidisha kwa 1.356. Kisha weka akiba ya asilimia 20 hadi 30 juu ya toki ya injini yako, usizidishe hapo.

Jirani yangu alizidisha. Gari lake lilikuwa karibu kama lilivyotoka kiwandani, naye anatoka Mbezi kwenda Posta, humu humu Dar, kila siku. Akafunga pleti ya vipande 6 vya seramiki, isiyo na springi katikati. Wiki ya kwanza alinipigia: "Kaka, gari linaruka kama chura." Si kwamba ilifungwa vibaya. Pleti ile imetengenezwa kwa ajili ya mtu anayeondoka mara moja kwenye mstari, si anayesogea mita 2 mara 200 kwenye foleni ya Ubungo. Alivumilia miezi 4, goti la kushoto likamshinda, akaiuza.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi. Gari linalosukuma matairi ya nyuma peke yake ukiliachia klachi kwa nguvu, matairi yanateleza na mshtuko unaishia kwenye lami. Impreza inavuta kwa matairi yote manne. Hayatelezi kirahisi, kwa hiyo mshtuko unarudi ndani kutafuta palipo dhaifu. Mara nyingi palipo dhaifu ni klachi, na hiyo ni bahati yako, kwa sababu ndiyo ya bei nafuu kwenye mnyororo mzima. Ukiifanya isiteleze kabisa, mshtuko unahamia kwenye meno ya gia. Giaboksi ya gia 6 ya STI inavumilia sana. Ya gia 5 ya WRX haivumilii. Mwenye gia 5 anayeongeza busti namshauri presha ngumu kidogo na pleti yenye springi, basi, na aache mchezo wa kuondoka kwa RPM 5,000.

Ushauri wangu kwa gari la kila siku ni kuchukua klachi laini kuliko zote zinazobeba toki yako. Na flaiwili nyepesi? Injini inapanda RPM haraka, inapendeza. Lakini kuondoka kwenye mlima kunahitaji mafuta zaidi, na ukisimama bila gia utasikia giaboksi inalia kama kopo lenye kokoto. Mimi nimebaki na ya kiwandani.

Dukani

Nenda na vipimo, usiende na jina la gari. Hesabu meno ya shafti ya giaboksi, jua kipenyo cha pleti (za gia 5 nyingi ni milimita 230, za gia 6 ni 240), na jua kama klachi yako ni ya kusukuma au ya kuvuta. STI ya gia 6 ni ya kuvuta: beringi ya klachi imejifunga ndani ya presha na inaivuta kuelekea giaboksi. Kwenye WRX za gia 5 zipo za aina zote mbili kutegemea mwaka, na hazibadilishani.

Muuzaji atakwambia, "Hii ni orijino, bosi." Toa pleti kwenye boksi. Rivet zote ziwe zimekaa sawa, springi zisicheze mkononi, namba iliyogongwa kwenye chuma ilingane na ya kwenye boksi. Iweke kwenye shafti ya giaboksi, au angalau kwenye kifaa cha kusentea (cha kuiweka pleti katikati) kilichokuja nayo. Itembee bila kukwama na bila kuyumba. Seti iwe na pleti, presha, beringi ya klachi na kifaa cha kusentea. Ongeza beringi ndogo ya pailoti, ile inayokaa katikati ya flaiwili. Bei yake ni ndogo na ikilia baadaye utashusha giaboksi nzima kuifuata.

Nunua pia lita 4.1 za oili ya giaboksi, 75W-90 ya GL-5, na chupa ya mafuta ya breki.

Kushusha giaboksi

Weka gari kwenye stendi nne imara, juu ya sakafu ya saruji. Si matofali, si ringi za matairi. Utalala chini ya hicho kitu siku nzima. Toa betri.

Juu kwanza. Ondoa intakula (kipoza hewa ya tabo), iko juu ya injini kwa hiyo ni kazi ya dakika 10, na ziba bomba la tabo kwa kitambaa safi. Toa stata. Toa silinda ya chini ya klachi bila kufungua mpira wake, ifunge pembeni kwa waya, na uwaambie wote wanaopita wasikanyage pedeli. Toa kile kimkono kinachoshikilia giaboksi kwenye ukuta wa gari.

Sasa fika kwenye kitu kinachowakwamisha mafundi wasioijua Subaru. Kwa kuwa beringi imejifunga kwenye presha, giaboksi haitaachia injini hata ukiivuta na watu 6. Ubavuni mwa mdomo wa giaboksi, ule upande unaofunika klachi, kuna plagi inayofunguliwa kwa ufunguo wa heksa wa milimita 10. Itoe. Ndani utaona mwisho wa shafti ambayo foku (uma unaoisogeza beringi) inazungukia, na katikati yake tundu lenye nyuzi. Zungushia humo boliti ndefu ya M6, kisha ivute. Shafti inatoka nayo. Foku sasa imelegea na giaboksi inaweza kurudi nyuma ikiiacha beringi kwenye presha. Nimeshaona mdomo wa giaboksi uliopasuka kwa nondo kwa sababu ya mtu kutojua plagi hii.

Hamia chini. Mwaga oili. Toa ekzosi ya kati, bamba la joto, kisha propela. Iwekee alama ya rangi kwenye flanji ili irudi ilivyokuwa. Toa shafti za mbele, fungua kiungo cha fimbo ya gia, chomoa soketi za umeme zote na upige picha kwa simu kabla ya kila moja. STI zenye difu ya kati inayorekebishwa zina waya wa ziada, usiukate. Weka jeki yenye ubao chini ya injini isije ikalala, jeki nyingine chini ya giaboksi, toa boriti inayoibeba, kisha boliti na nati zinazoishika kwenye injini.

Vuta kwa kunyooka, watu wawili. Giaboksi hii ni nzito na haipokelewi kifuani.

Flaiwili, pleti, presha

Legeza boliti za presha kidogo kidogo kwa kuzunguka, si moja mpaka mwisho. Angalia pleti ya zamani, inasimulia. Imelika sawasawa, imeisha kwa uzee. Imelowa oili, tafuta uvujaji. Kwenye injini za EJ mshukiwa mkubwa ni bamba dogo la kutenganisha oili lililoko nyuma ya injini. Magari mengi yalikuja na la plastiki, nalo hupinda. Weka la chuma. Sili ya krenki kama ni kavu kabisa, mimi siigusi.

Flaiwili yenye madoa ya bluu au nyufa nyembamba kama nywele ipeleke kwa fundi wa mashine aisawazishe. Nyufa zikiwa ndefu, tafuta nyingine. Kama gari lako lina flaiwili ya vipande viwili yenye springi ndani, hiyo haisawazishwi kienyeji. Wakati wa kurudisha flaiwili, badilisha beringi ya pailoti, funga boliti 8 kwa msalaba hadi niutonimita 72 kwa toki renchi. Osha uso wake kwa dawa ya breki, na kuanzia hapo vidole vyenye grisi vikae mbali.

Pleti ina upande. Nyingi zimegongwa maandishi kuonyesha upande wa flaiwili. Kitovu kilichotokeza na springi huelekea kwenye giaboksi. Ishikilie kwa kifaa cha kusentea, weka presha, na kaza boliti zake nusu mzunguko kila moja kwa msalaba mpaka ikae, kisha niutonimita 16 hivi. Ni kidogo, ndiyo. Ukikaza kwa hasira utaikata boliti ndani ya flaiwili.

Upande wa giaboksi, pitisha kucha kwenye ile bomba ambayo beringi inateleza juu yake. Ukihisi mfereji, klachi mpya itakuwa ngumu na yenye kukwaruza vile vile kama ya zamani. Kuna ala za chuma za kuivika bomba hiyo na beringi yenye tundu kubwa zaidi zinazouzwa pamoja kwa ajili ya ugonjwa huu wa Subaru. Grisi kwenye meno ya shafti iwe nyembamba sana: paka, ingiza pleti, itoe, futa iliyosukumwa pembeni. Grisi ya ziada itarushwa na mzunguko hadi kwenye kitambaa.

Kurudisha

Hapa niliwahi kujiharibia. Giaboksi ilikuwa imeingia kama sentimita 5 kwenye pleti, jua limezama, na mwenzangu akaenda kutafuta tochi. Nikaiacha ijiegemeze "dakika moja tu" huku jeki imeshuka kidogo. Uzito wote ukaning'inia kwenye kitovu cha pleti. Tulimaliza saa 4 usiku, gari likawaka, na gia ya kurudi nyuma ikawa inakwaruza kila ukiingiza. Pleti ilikuwa imepinda kiasi ambacho macho hayaoni, klachi haiachii kabisa. Jumamosi iliyofuata tukashusha tena.

Kwa hiyo jeki ibebe giaboksi mpaka boliti mbili za kwanza ziwe zimeshika. Ingiza gia, na mwenzako azungushe krenki kwa soketi ya 22 mbele ya injini taratibu mpaka meno yakutane. Midomo ya injini na giaboksi lazima igusane kwa mkono kabla hujakaza chochote. Ukiona pengo na ukashawishika kulivuta kwa boliti, simama. Kitu hakijakaa na utavunja sikio la giaboksi. Boliti za kuunganisha zinachukua niutonimita 50.

Rudisha shafti ya foku na plagi yake. Kisha sukuma foku ili beringi isogee upande wa injini, mpaka usikie "tak". Hiyo ni beringi imejifunga kwenye presha. Jaribu kuirudisha foku kinyume. Ikikataa kutoka, imekaa. Bila ile tak, usiendelee na kazi nyingine yoyote.

Vilivyobaki vinarudi kinyume cha vilivyotoka. Jaza oili ya giaboksi kabla ya kuwasha, na usicheke, kuna waliosahau. Toa upepo kwenye silinda ya chini: mmoja anakanyaga na kushikilia, mwingine anafungua nipo na kufunga, mpaka mafuta yatoke bila mapovu. Pedeli iwe na mchezo mdogo juu, na klachi ianze kukamata ikiwa imeshapanda kiasi kutoka sakafuni.

Kilomita 800 za kwanza

Uso wa pleti na wa flaiwili bado havijafahamiana. Zunguka mjini kwa kilomita kama 800, uondoke na kusimama mara nyingi, bila busti kubwa na bila kuonyesha mtu chochote. Barabara kuu haisaidii hesabu hii, maana kwenye gia ya 5 au ya 6 klachi haifanyi kazi. Safari ya Dar hadi Morogoro na kurudi si mazoezi. Harufu kidogo siku za mwanzo ni kawaida. Kutetemeka kidogo unaporudi nyuma kwenye mwinuko, hasa asubuhi, nako subiri kuishe kabla ya kumlaumu mtu. Kinachotaka usimame mara moja ni gia kukwaruza, pedeli kubaki chini, au oili kudondoka pale injini na giaboksi zinapokutana.

Kilomita zikitimia, rudi kwenye ile barabara iliyonyooka. Gia ya 4, RPM 2,500, mafuta mpaka chini, na macho kwenye mishale yote miwili.